Saa 36 za Huddinge

Filamu ya Bad Surgeon mmeshaiangalia, na wengine mmeirudia, kwa hiyo sina haja ya kusimulia upya. Paolo Macchiarini, yule daktari wa upasuaji Mtaliano, mnamjua. Karolinska mnaijua. Yule mama mtayarishaji wa vipindi vya televisheni aliyeahidiwa kwamba Papa mwenyewe angemfungisha ndoa mmeshamhurumia vya kutosha, maana waandaaji wamempa nafasi kubwa kuliko waliyowapa wagonjwa. Ugomvi wangu mimi ni juu ya uamuzi mmoja tu, nao filamu imeupita mbio kama gari la mnada lililokosa abiria.

Ni uamuzi wa kulitoa bomba kwenye bayoriakta. Juni 2011, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Karolinska, pale Huddinge, kusini mwa Stockholm. Bomba la plastiki lenye umbo la Y limezungushwa ndani ya chombo chenye seli za uboho wa mgonjwa kwa saa 36. Baada ya hapo likahesabiwa kuwa koo la hewa, likaenda chumba cha upasuaji tarehe 9, likashonwa kifuani mwa mtu. Halikuwa koo. Lilikuwa plastiki iliyolowa. Na mtu yeyote aliyewahi kuotesha seli juu ya kiunzi, hata za panya, hata kwa wiki moja, alipaswa kusimama mlangoni na kusema hapana.

Tuichambue hiyo saa ya 36, kwa sababu hapo ndipo mechi ilipopotea. Uboho ulinyonywa kutoka kwa mgonjwa, zikachujwa seli zenye kiini kimoja, zikamwagwa juu ya bomba, bomba likazunguka taratibu nusu ndani ya maji ya lishe, nusu hewani. Kinachotokea kwa saa za mwanzo ni seli kushika tu. Zinajibandika kwenye vitundu vya plastiki, nyingine zinadondoka, nyingine zinakufa palepale. Kushika si kuota. Tena hizo zilikuwa seli za uboho, ambazo nyingi kazi yake ni kuwa damu, na kati yake seli shina ni chache sana. Ndani ya koo halisi kuna utando wenye vinyweleo visivyolala, usiku na mchana vinafagia makohozi na vumbi kwenda juu. Seli za uboho hazijui kufagia. Utando huo ulitakiwa utambae wenyewe kutoka kwenye ncha mbili za koo lililobaki, upite juu ya plastiki, ukutane katikati. Juu ya plastiki isiyo na damu! Utatambaa unakula nini?

Hapa ndipo sisi wa Ng'ambo, Tabora, tusipohitaji profesa wa kutufundisha. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa Unyanyembe kwenda Ujiji na kwenda Bagamoyo, na kila mtoto wa mpagazi alijua kwamba msafara hauondoki kwa sababu tu watu wamepanga mstari na mizigo iko mabegani. Unaondoka posho ikishahesabiwa na maji ya njiani yakishajulikana. Seli zilizoshika kwenye plastiki ni wapagazi waliopanga mstari. Posho yao ni damu, na seli ikiwa mbali na mshipa zaidi ya milimita 0.2 hivi, inakosa hewa na chakula, inakufa. Ndani ya bomba la Huddinge hapakuwa na mshipa hata mmoja. Livingstone, pamoja na ubishi wake wote, alikaa pale Kwihara zaidi ya miezi mitano mwaka 1872 akingoja wapagazi na vifaa kutoka pwani. Watu wa Stockholm walikuwa na umeme, maji ya bomba na fedha za serikali, wakashindwa kungoja.

Kijana mmoja wa maabara, mtoto wa jirani yangu, alinikuta barazani nikiyasema haya akaona namuonea Mtaliano.

"Shikamoo mzee. Lakini lile bomba lilitengenezwa kwa picha za CT za mgonjwa mwenyewe. Vipimo vyake viko sawa kabisa."

"Marahaba. Vipimo sijavikataa, mwanangu. Nimeuliza damu inapita wapi."

"Walisema mwili wenyewe ungemalizia kazi."

Ndiyo, walisema hivyo, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Nadharia yao ilikuwa kwamba kifua cha mgonjwa ndiyo bayoriakta halisi: wewe leta kiunzi chenye seli chache, piga sindano za vichocheo vya ukuaji, mwili utajua cha kufanya. Nadharia hiyo inapimika. Unamtwaa nguruwe au kondoo, unamwekea bomba, unaingiza kamera kooni kila baada ya wiki kadhaa, unakata kipande kidogo, unampa mtu wa patholojia asiyekujua wala hakudai, unangoja. Mnyama akiishi miezi kadhaa akiwa anakula na kukimbia, ndipo unazungumza juu ya binadamu. Hatua hiyo waliiruka kwa bomba hili la plastiki. Kazi za panya kutoka kwa kundi hilohilo zilikuja kuchapishwa 2014. Januari ya mwaka huohuo mgonjwa wa kwanza alifariki.

Na mgonjwa huyo alikuwa wa kwetu. Kijana wa Eritrea, miaka 36, alikuwa akisoma Iceland, uvimbe wa koo ulikuwa umerudi baada ya kutibiwa. Nataka wasomaji mlishike hilo, kwa sababu magazeti ya Ulaya yalimfanya picha ya ukurasa wa mbele wakati wa shangwe. Jina lake lipo, simtaji hapa. Familia yake imeshachoka kutajwa.

Wanaotetea wanakimbilia neno dharura. Alikuwa anakufa, wanasema, mngefanya nini? Mahakama ya Rufaa ya Svea ilijibu Juni 2023, ilipomhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kuwadhuru wagonjwa watatu: wangeweza kuishi kwa muda usio mdogo bila upasuaji ule. Halafu angalieni hesabu ya kiufundi. Kama ni dharura ya kweli, ya saa, hupati muda wa kumwaga plastiki London kwenye kalibu ya glasi, kuisafirisha, kuandaa bayoriakta na kumleta mgonjwa kutoka Iceland. Dharura yenye muda wa kutengeneza kalibu ina muda wa kuuliza kamati ya maadili. Haikuulizwa. Hapa Tabora tuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kila mwaka nasikia mgeni mmoja au wawili wakinung'unika kwamba Tanzania ina urasimu, kibali cha utafiti kinachelewa, fomu nyingi. Nimekuwa nikiitetea ile fomu miaka yote, na marafiki zangu wananicheka. Sasa wacheke.

Kazi ya London naipa mstari wake: umbo lilikaa sawa, plastiki ya poliurethani yenye silika haikukunjamana, na mishono ya mwanzo ilishika.

Mtaniambia nimeshafika Loliondo, na kweli nimefika, kwa sababu siwezi kuuona mwaka 2011 bila kukumbuka kikombe cha dawa cha Babu. Miezi michache kabla ya Huddinge, magari yalikuwa yamejipanga kilomita kwa kilomita kuelekea Samunge kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, shilingi 500 kikombe. Simtetei Babu, wapo walioacha dawa zao wakaenda kunywa mizizi, nami niliandika hivyo wakati ule nikatukanwa. Lakini mnakumbuka jinsi wageni walivyotuandika? Waafrika wepesi wa kuamini, taifa zima, mpaka mawaziri. Haya, Julai ya mwaka huohuo Ulaya yote ilipiga makofi kwa plastiki iliyolowa saa 36, na Novemba jarida la Lancet likaichapisha kana kwamba imeshapona. Foleni ya Samunge ilikuwa na vumbi, ya Stockholm ilikuwa na koti jeupe. Na msinisahaulishe Kemron ya Nairobi mwaka 1990, ile dawa ya UKIMWI, iliyozinduliwa na rais kabla takwimu hazijasimama kwa miguu yake. Ugonjwa wa kutangaza kabla ya kupima hauna rangi.

Mswidi sisi hapa mkoani tulimjua kwa Nkinga, kule Igunga, ambako wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walianzisha hospitali ambayo watu wanaitegemea mpaka leo. Ndiyo maana wazee wengi hapa, filamu ilipoanza, walikaa upande wa Karolinska. Nami sikuwalaumu.

Turudi kwenye kiunzi, maana kuna kosa la pili ndani ya lile la kwanza. Bomba la mgonjwa wa kwanza halikuwa la nyuzi, lilimwagwa. La mgonjwa wa pili, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji Novemba 2011, lilisokotwa kwa umeme: polima inayeyushwa, inavutwa kwa volti kubwa kutoka kwenye sindano, inatoka nyuzi nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana, zinajilaza ovyo juu ya fimbo inayozunguka mpaka zinafanya kitambaa. Hilo ni wazo bora kuliko la kwanza, nalikubali. Seli hupenda nyuzi kwa sababu mwilini nako zinakaa juu ya nyuzi, zile za kolajeni. Lakini angalieni polima waliyochagua: PET, ndugu wa chupa ya maji ya kunywa, pamoja na poliurethani. Haiyeyuki mwilini. Itabaki kifuani miaka yote, upande mmoja nyama, upande wa pili hewa yenye vijidudu inayoingia kila pumzi. Kitu kigeni kisichoondoka, kwenye njia ya hewa isiyo safi, bila utando wa kukifunika: huko ni kuita maambukizi, na baada ya maambukizi vidonda, na baada ya vidonda fistula. Wagonjwa wote watatu wa Karolinska wameshafariki.

Na hapa ndipo wakongwe wananifanya nikose usingizi, kwa sababu jambo hili lilikuwa limeshafundishwa. Lilifundishwa na watu wa ini.

Joseph Vacanti alikuwa daktari wa upasuaji wa watoto Boston, kazi yake kupandikiza maini, na tatizo lake lilikuwa la kila siku: watoto wengi, maini ya kupandikiza machache. Akaungana na Robert Langer, mhandisi wa polima. Mwaka 1988 kundi lao lilichapisha kazi ambayo kila mtu wa viunzi anapaswa kuijua kwa moyo. Walichukua seli za ini, za utumbo na za kongosho, wakazipanda juu ya polima zinazoyeyuka, jamii ya uzi uleule ambao daktari anashonea na baadaye hamfuati mgonjwa kuutoa, wakaziweka ndani ya wanyama. Wanyama, narudia. Baadhi ya seli ziliishi. Nyingi zilikufa. Na hawakuficha kwamba adui ni uhaba wa damu: ukitaka seli nyingi, kipande lazima kiwe kinene, na kikiwa kinene katikati inakufa. Vacanti alikuwa amelisumbukia hilo mpaka siku moja ufukweni Cape Cod akaona mwani unavyotawanya matawi yake majini, eneo kubwa ndani ya nafasi ndogo, akapata wazo la kiunzi chenye matawi. Makala yao kubwa ya 1993 katika Science, iliyoupa uwanja huu sura yake, bado ilikuwa inasema tatizo ni hilohilo. Yaani miaka 18 kabla ya Huddinge, tatizo liliandikwa kwa Kiingereza rahisi katika jarida ambalo kila maktaba ya Stockholm inalo.

Kwa nini ini linafundisha kuliko koo? Kwa sababu ini halikubali kudanganywa. Koo ukiliangalia kwa kamera unaona bomba limesimama, hewa inapita, unapiga picha, unaandika makala. Seli ya ini ukiiweka juu ya plastiki tambarare, siku chache tu inaanza kusahau kazi: albumini inashuka, uwezo wa kuvunjavunja dawa unashuka, umbo linatandazika kama chapati isiyoumuka. Inabaki hai lakini si ini tena. Kwa hiyo mtu wa ini amezoea kuuliza seli inafanya nini, si seli ipo au haipo. Ndiyo maana wakaja na tabaka mbili za kolajeni juu na chini, wakazipanda seli za ini pamoja na seli nyingine za kuzishika mkono, wakazifinyanga ziwe vidonge, wakacheza na unene wa nyuzi na nafasi kati yake. Miaka na miaka, na bado hakuna ini la maabara lililomalizika likaingia kwa mgonjwa. Huo ndio mwendo wa kweli wa kazi hii. Halafu anakuja mtu na saa 36.

Thomas Starzl, huyo ndiye ningemtaka Huddinge siku ile. Alianza na mbwa mwishoni mwa miaka ya 1950, akawapandikiza maini wengi, akajua kila kona ya mishipa. Tarehe 1 Machi 1963, Denver, alimfanyia mtoto wa miaka mitatu, binadamu wa kwanza, na mtoto akavuja damu akafia mezani. Akajaribu kwa wengine mwaka huo, hawakukaa. Na hapa sikilizeni: alisimama. Upandikizaji wa ini ukafungwa, akarudi maabara na kwa mbwa wake, akarudi kwa binadamu 1967, na safari hiyo wagonjwa wakaanza kuvuka mwaka. Sasa linganisheni. Mgonjwa wa pili wa Karolinska alifariki Machi 2012. Wa tatu, mwanamke kijana kutoka Uturuki, alifunguliwa kifua Agosti 2012. Miezi mitano. Kati ya Machi na Agosti walijifunza nini kipya kuhusu lile bomba? Sijaona popote.

Na kama mnasema nawapenda Wamarekani mno, basi chukueni wa hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa hospitali ya Mulago, alipoona uvimbe wa taya za watoto, aliuandika 1958, halafu 1961 akapanda gari kuukuu na marafiki wawili, wakazunguka maili 10,000 kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, zaidi ya hospitali 50, akiuliza tu: mnauona huu, hamuuoni? Kuuliza kwingi namna hiyo kwa ajili ya ramani. Lancet wangeweza kumtuma mtu mmoja wa Burkitt kwenda kumwangalia mgonjwa mmoja.

Waliofanya kazi hiyo ya kuangalia ni madaktari wanne wa Karolinska yenyewe, waliofungua mafaili na kuona makala hazifanani na wagonjwa. Wao ndio walioanza kusumbuliwa. Profesa Bengt Gerdin alichunguza akasema, Mei 2015, kwamba kuna udanganyifu wa kisayansi. Agosti mkuu wa Taasisi ya Karolinska, Anders Hamsten, akamsafisha Macchiarini. Ikabidi ije filamu ya televisheni ya Sweden, Experimenten, Januari 2016, ndipo mkuu akajiuzulu Februari na daktari akafukuzwa Machi. Lancet waliifuta makala ya bomba 2018. Miaka saba! Sitaki kusikia tena mtu akiniambia jarida kubwa ni ushahidi.

Yule kijana wa maabara hakuridhika. Akaniuliza: basi mzee, nyuzi zitupwe? Hapana, mwanangu, nyuzi ndizo zitakazotufikisha. Kwa kupima sumu ya dawa kabla haijamfika mgonjwa, kiunzi cha nyuzi chenye seli za ini ni kazi ya maana, na sisi tunaokula mahindi na karanga zenye sumukuvu tungefaidika kabla ya mtu yeyote. Lakini huko nako nina deni la zamani na wenzangu wa ini, nalo sijalisamehe. Wanasokota nyuzi zao nzuri, wanapiga picha kwa darubini ya elektroni, halafu wanapanda HepG2 na kutuambia kiunzi kinafaa ini. HepG2 ni seli za uvimbe wa ini la kijana wa Argentina, zimo maabara tangu miaka ya 1970. Hizo zinaota popote, hata kwenye chupa uliyosahau kuisafisha, na uwezo wake wa kuvunja dawa ni mdogo mno kulinganisha na seli halisi. Kuonyesha kwamba HepG2 zimeota juu ya nyuzi zako ni kuonyesha kwamba nyuzi zako si sumu, basi. Nileteeni seli za ini halisi, albumini ya siku ya 14 ikilinganishwa na ya siku ya pili, na jinsi zinavyoivunja dawa moja tunayoijua. Mkileta HepG2 peke yake tena, sisomi zaidi ya kichwa cha habari.